Bia ya Ngano ya Kijerumani na Chakula cha Nyumbani: Kabla ya Kufungua Chupa, Angalia Nani Yuko Mezani

SEHEMU YA 1: Kwa nini nesi anaongelea bia

Tumeshaongea chanjo, tumeongea homa za usiku, tumeongea uji wa mtoto anayeanza kula. Leo naingia jikoni na naomba msinikimbie, maana naongelea bia. Tena bia ya aina moja tu: bia ya ngano ya Wajerumani, ile wanayoiita Weizen au, huku Bavaria ninakofanya kazi, Weißbier.

Naileta kwa sababu familia nyingi changa za kwetu zilizohamia huku zinakutana nayo mapema sana. Jirani anawakaribisha chakula, anaweka chupa ya nusu lita mezani. Baba anaipenda, wiki inayofuata kreti iko jikoni. Halafu ujumbe unaanza kuingia kwangu, na karibu kila mara ni wa aina mbili. Wa kwanza: "Dada nesi, Jumapili tuna wageni, hii bia inaendana na chakula gani?" Wa pili: "Dada nesi, nimejifungua juzi, nimeambiwa bia ya ngano inaleta maziwa. Ni kweli?"

Watu wanadhani hayo ni maswali mawili. Mimi nayaona kama swali moja, kwa sababu meza ni moja. Anayekula pilau hapo ni baba, ni wifi mwenye mimba ya miezi mitano, ni bibi mwenye sukari, na ni mtoto wa miaka minne anayetaka kujua lile povu jeupe lina ladha gani. Ukipanga kinywaji bila kuwaangalia hao, hujapanga kitu.

Msimamo wangu nausema mapema ili usisome kwa kubahatisha. Bia ya ngano inakaa vizuri na chakula, pengine kuliko bia nyingi unazozijua. Kwa hiyo kama nyumbani kwenu inanyweka, ikae na chakula, iwe kidogo, na igawanywe. Kwa mjamzito, kwa mama wa mtoto mchanga na kwa watoto, isiwepo kabisa. Na hao wasiokunywa wapewe kinywaji kizuri kilichopangwa, siyo maji ya kuonewa huruma.

Kama dini yako au uamuzi wako ni kutokunywa, uko sawa kabisa, wala usibadilishe chochote kwa ajili yangu. Pitia sehemu ya 6 na ya 7, kuna mambo yako humo.

SEHEMU YA 2: Hii bia ni kitu gani hasa

Bia nyingi hutengenezwa kwa kimea cha shayiri. Ya ngano, kwa utaratibu wa Ujerumani, lazima angalau nusu ya kimea chake kiwe cha ngano. Ngano ndiyo inayoipa povu zito na ule ulaini mdomoni.

Lakini siri yake iko kwenye hamira. Hamira ya Weizen, wakati inachachusha, inatoa harufu mbili ambazo mtu wa Pwani hahitaji kufundishwa: ndizi mbivu na karafuu. Humo ndani hakuna ndizi wala karafuu. Ni hamira tu imefanya kazi yake. Waliokulia Kilimanjaro wakinusa glasi hii mara ya kwanza hucheka, kwa sababu mbege ya ndizi na ulezi inawajia kichwani, na huu ukungu wa kwenye glasi wanaujua tangu zamani.

Historia yake ni fupi kuisimulia. Mwaka 1516 watawala wa Bavaria waliagiza bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi na maji. Ngano haikuwemo, na moja ya sababu zinazotajwa ni kwamba ngano ilikuwa ya mkate. Bia ya ngano ikabaki kuwa kibali cha wakubwa. Kuanzia 1602 haki hiyo ilikuwa mikononi mwa watawala wenyewe, hadi mwaka 1872 mtengenezaji aitwaye Georg Schneider alipoipata na kuanza kuipika kwa ajili ya watu wa kawaida. Mimi naipenda hiyo hoja ya mkate. Hii ni nafaka ya chakula, na nitakuonyesha kwamba bado inajibeba kama chakula.

Aina utakazokutana nazo dukani:

Hefeweizen. Ndiyo ya kawaida, ina ukungu wa hamira. Kilevi ni kama asilimia 5 hadi 5.5.

Kristallweizen. Imechujwa, inang'aa. Nyepesi zaidi mdomoni, harufu ya ndizi imepungua.

Dunkelweizen. Nyeusi au ya kahawia, ina ladha ya mkate uliookwa na sukari iliyoungua kidogo.

Weizenbock. Nzito, mara nyingi asilimia 7 hadi 8 au zaidi. Hii usiichukulie poa, nitairudia.

Leichtes Weizen. Kilevi kimepunguzwa, karibu asilimia 3.

Alkoholfrei. "Isiyo na kilevi", na hizo alama za kunukuu nimeziweka makusudi. Subiri sehemu ya 6.

SEHEMU YA 3: Wenyewe wanaila na nini

Tuanze na wenyeji, kwa sababu wao wana miaka mingi ya kujaribu.

Chakula chake maarufu ni Weißwurst, soseji nyeupe ya nyama ya ndama iliyochanganywa na mafuta ya nguruwe, yenye parsley na ganda la limau. Haikaangwi. Inapashwa kwenye maji ya moto yasiyochemka, maana yakichemka inapasuka. Unaimenya ngozi, unaichovya kwenye haradali tamu, unakula na Brezel, ule mkate uliosokotwa wenye chumvi juu. Desturi inasema iliwe kabla ya kengele za saa sita mchana, desturi ya enzi ambazo friji hazikuwepo. Na pembeni, ndiyo, Hefeweizen asubuhi yote hiyo. Chakula chenyewe nakisifu. Hiyo ya kunywa saa nne asubuhi watoto wakikutazama, mimi sijakubaliana nayo, na kuwa desturi ya watu hakunilazimishi.

Kwa nini vinaendana? Shika sababu tatu hapa, zitakusaidia na chakula chochote.

Moja, bia hii haina uchungu mwingi, kwa hiyo haifuniki chakula laini kama samaki, yai, kuku wa kuchemsha au mboga. Bia chungu ingekula ladha yote.

Mbili, ina gesi nyingi. Gesi inasafisha mafuta mdomoni, ndiyo maana inakaa vizuri na jibini, vitu vya kukaanga na tui.

Tatu, ina utamu kidogo, uchachu kidogo na ile karafuu. Chochote unachokikamulia limau au kukitia viungo vitamu, inakipokea.

Kwa hesabu hiyo, Kristall inakwenda na Spargel, ile mboga nyeupe kama fimbo inayopatikana kuanzia Aprili hadi tarehe 24 Juni, wanapoacha kuivuna. Hefeweizen inakwenda na samaki wa mtoni aliyekaangwa kwa siagi, saladi ya viazi, kuku wa kuoka, na Käsespätzle, ile tambi ya mayai yenye jibini na vitunguu vya kukaanga. Dunkel inakwenda na nyama ya kuoka na mchuzi wake.

Ipo na Obatzda: Camembert iliyopondwa na siagi, paprika na kitunguu, inapakwa kwenye Brezel. Ni tamu mno. Mjamzito, hii iache. Jibini laini ya aina ile inaweza kubeba bakteria wa listeria, na Obatzda ya asili huwa inatiwa bia mbichi kidogo. Mwenyeji wako wala hatakuambia, kwake ni kitu cha kila siku. Uliza.

SEHEMU YA 4: Sasa chakula chetu

Hapa ndipo raha yangu ilipo. Watu wengi wakinunua bia ya Kijerumani wanajiona lazima wapike Kijerumani. Hapana. Chukua zile sababu tatu, ziweke kwenye sufuria yako.

Pilau na kachumbari. Hii ndiyo ya kwanza. Karafuu ya pilau inakutana na karafuu ya hamira, iliki na mdalasini vinaingia bila kugombana, na gesi inapunguza uzito wa mafuta ya nyama. Kachumbari iwe na ndimu. Hefeweizen ya kawaida inatosha, au Dunkel kama nyama yako ni ya ng'ombe na umeikaanga vitunguu hadi vikawa kahawia kabisa.

Samaki wa kupaka. Tui zito, ndimu, moshi kidogo wa mkaa. Hefeweizen tena. Utamu wa tui na harufu ya ndizi ni ndugu.

Dagaa wa kukaanga, bagia, sambusa, kachori. Vitu vya mafuta na chumvi vinataka Kristall. Sambusa yenye bizari na pilipili ya wastani ni nzuri sana hapa. Pilipili ikizidi, gesi itakuchoma zaidi badala ya kukupoza. Tena usinywe haraka haraka kuzima moto, ndivyo glasi inavyoisha bila wewe kujua.

Mishkaki na nyama choma. Dunkel. Ile ladha ya mkate uliookwa inapokea kile kilichoungua pembeni ya nyama.

Mchicha wa nazi, kisamvu chenye karanga, maharage ya nazi. Usishangae, vinaendana. Wasiokula nyama siku hiyo hawajaachwa.

Ndizi za kuiva za kukaanga au mahamri baada ya chakula. Hapa ndipo wanaojua wanatoa Weizenbock, na kwa ladha wana haki. Mimi nasema ikitolewa, chupa moja watu wanne, kwenye vikombe vidogo. Sababu iko sehemu ya 5.

Visivyoendana: mboga chungu kama mchunga, mchuzi wa nyanya mkali wenye siki, na chokoleti nyeusi. Ladha zinapigana. Ugali na dagaa wa mchuzi unaweza, lakini kwa kweli maji yanafaa zaidi.

Na mpangilio uwe hivi: chakula kinatoka kwanza, watu wanaketi, watoto wanapakuliwa, ndipo chupa inafunguliwa. Usiifungue wakati wali bado uko jikoni. Kunywa kwenye tumbo tupu kunapandisha kilevi kwenye damu haraka, na mpishi ndiye anayeathirika zaidi, kwa sababu yeye amesimama na kisu, mafuta ya moto na mtoto miguuni. Chakula tumboni kinachelewesha kilevi kuingia. Hakikifuti, kinakichelewesha. Hiyo ndiyo maana yangu ya "ikae na chakula".

SEHEMU YA 5: Kumimina, na hesabu ambayo chupa haikuambii

Kumimina kwanza. Glasi iwe safi, isiwe na mafuta wala sabuni, maana vinaua povu. Isuuze kwa maji baridi. Bia iwe ya baridi ya wastani, nyuzi 8 hivi, isiwe imeganda. Inamisha glasi, mimina taratibu, bakiza kama vidole viwili kwenye chupa. Ile iliyobaki izungushe ili hamira ya chini iinuke, kisha malizia. Kristall haina hamira ya kuinua, mimina tu.

Sasa hesabu. Chupa ya nusu lita yenye asilimia 5.4 ina takriban gramu 22 za kilevi halisi. Namna ya kupata: mililita 500, zidisha kwa 0.054, zidisha kwa 0.8. Weizenbock ya asilimia 8, nusu lita, ni gramu 32.

Zilinganishe na hili. Kwa miaka mingi Jumuiya ya Lishe ya Ujerumani, DGE, ilikuwa inasema mwanamke mzima mwenye afya asizidi gramu 10 kwa siku na mwanamume 20. Mwaka 2024 ikabadilisha. Sasa inashauri kutokunywa kabisa, na inasema anayekunywa akibaki chini ya gramu 27 kwa wiki nzima hatari yake ni ndogo. Kwa wiki, mama. Shirika la Afya Duniani nalo lilisema Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Saratani ya matiti ni mojawapo ya sababu, na sisi wanawake tunapaswa kulijua hilo kabla ya mtu yeyote.

Kwa hiyo chupa moja ya kawaida imekaribia kumaliza wiki yako. Weizenbock moja imeshaipita.

Wajerumani wanaiona nusu lita kama kipimo cha mtu mmoja kwa sababu glasi yenyewe ndefu ni ya nusu lita. Ukinunua glasi ile, imeshakupangia. Nyumbani kwangu ningeiacha ile glasi dukani na kutumia bilauri za robo lita. Chupa moja, watu wawili, kila mmoja gramu 10 au 11, pilau sahani moja, na jioni imekuwa nzuri. Harufu unaipata yote, povu unalipata lote. Kama unataka glasi ijae, fanya kama wenyewe wanavyofanya kiangazi: nusu Weizen nusu soda ya limau, wanaiita Russ. Kilevi kimegawanyika mara mbili, ingawa sukari imeongezeka, kwa hiyo mwenye kisukari hiyo si yake.

Wengine wa kuangaliwa: mwenye jongo, yaani gauti, bia inampandishia asidi ya yuriki, na kuondoa kilevi hakuondoi tatizo lote. Mwenye ugonjwa wa siliaki, asiyevumilia gluteni, hii ni ngano, hata ile isiyo na kilevi haimfai. Anayetumia dawa, hasa za usingizi, za kifafa, za kisukari au za TB, aulize mfamasia kwanza. Na anayeendesha gari kurudisha familia nyumbani, glasi yake iwe tupu ya kilevi tangu mwanzo wa jioni.

SEHEMU YA 6: Mimba, kunyonyesha, na chakula kilichopikwa kwa bia

Hapa naomba mtulie.

Mimba: sifuri. Siyo glasi moja ya Jumapili, siyo kuonja. Kilevi kinapita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na ini lake haliwezi kukishughulikia. Kinaweza kuharibu ubongo unaojengwa, na madhara hayo hayaponi. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, na hakuna mwezi wa mimba ulio salama. Kama ulikunywa kabla hujajua una mimba, usijitese. Acha leo, mwambie mkunga wako kliniki, basi.

Kunyonyesha. Sasa ile habari ya "inaleta maziwa". Kwetu wanasema bia nyeusi, huku wanasema bia ya ngano au ya kimea. Imani hii haikutoka hewani: kwenye nafaka kama shayiri kuna kitu kinachodhaniwa kuchochea homoni ya maziwa. Lakini kilevi chenyewe kinafanya kinyume, kinazuia oksitosini, ile inayofanya maziwa yashuke. Mwaka 1993 watafiti wawili wa Marekani, Julie Mennella na Gary Beauchamp, walilipima jambo hili hili. Kina mama walikunywa bia siku moja na bia isiyo na kilevi siku nyingine. Siku ya bia yenye kilevi, watoto walinyonya maziwa machache zaidi. Na mama zao hawakugundua, walidhani mtoto ameshiba kama kawaida.

Ndiyo maana mimi sicheki mtu akinambia habari hii. Mama mchanga, amechoka, anaogopa mtoto hashibi, mtu anayempenda anamletea glasi na kumwambia hii itakusaidia. Anakunywa, mtoto anapata kidogo zaidi, analia usiku, mama anaona maziwa hayatoshi, analetewa glasi nyingine. Umeona tunakoelekea?

Kinacholeta maziwa ni kunyonyesha mara kwa mara, mtoto ashike chuchu vizuri, mama ale, anywe maji, apumzike. Uji wa ulezi wenye maziwa, supu ya kuku, mtori. Uji hauna muujiza, lakini unakushibisha, unakupa maji, na kuna mtu amekaa jikoni akakupikia. Hilo nalo ni dawa.

Kama mtoto ni mkubwa kidogo na wewe umeamua kunywa glasi moja ya robo lita na chakula: nyonyesha kwanza, kisha kunywa, kisha subiri si chini ya saa mbili kabla ya kunyonyesha tena. Chupa nzima, si chini ya saa nne, na usiku ule utakuwa mrefu. Kilevi kwenye maziwa ni sawa na kilicho kwenye damu, kinapanda na kushuka pamoja. Kukamua na kumwaga hakukiondoi haraka, muda tu ndio unaokiondoa. Kwa mtoto wa wiki za mwanzo anayenyonya kila saa mbili, hesabu hii haiwezekani, kwa hiyo jibu ni usinywe. Na baada ya kunywa, wewe au baba, mtoto asilale kitandani mwenu. Alale kwenye kitanda chake, chumba hichohicho. Usingizi wa pombe ni mzito, hausikii mtoto akibanwa.

Ile isiyo na kilevi. Ujerumani bia inaweza kuandikwa alkoholfrei hata ikiwa na hadi asilimia 0.5. Nusu lita ya hiyo ni kama gramu 2. Iliyoandikwa 0,0% ni kitu kingine. Mjamzito akitaka kuungana na wenzake mezani, namshauri hiyo ya 0,0% au asiinywe. Muislamu anayejali kabisa asome lebo asiamini neno la mbele ya chupa.

Na chakula kilichopikwa kwa bia. Nasikia sana: "Pombe si inaungua yote?" Haiungui yote. Jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani linaonyesha kwamba baada ya kuchemka dakika 15 kinabaki karibu asilimia 40, baada ya nusu saa asilimia 35, baada ya saa moja asilimia 25, na hata baada ya saa mbili na nusu bado asilimia 5. Kwa hiyo kama kuna mjamzito au watoto, samaki wa kuchovya kwenye unga na bia, au nyama ya kuchemshia bia, tumia 0,0%. Ladha ya kimea inabaki, gesi inabaki, unga unakuwa mwepesi vilevile.

SEHEMU YA 7: Watoto, na maneno ninayoyajua mtaniambia

Ujerumani sheria ya kulinda vijana imeruhusu kwa miaka mingi kijana wa miaka 16 anunue bia, na wa 14 anywe akiwa na mzazi. Wapo wazazi wanaosema hivyo ndivyo mtoto anavyojifunza kunywa kwa kiasi. Hata kwetu wazee walionjesha watoto pombe ya kienyeji, wanacheka, wanasema anakuwa mkubwa. Mimi nakataa huku na nakataa kule. Ubongo wa mtoto wa miaka 14 bado unajengwa, na wa miaka minne ndiyo kabisa. Sheria kusema unaweza hakumaanishi uitumie.

Povu usimlambishe. Hata ile ya 0,0% usimpe mtoto glasi yake, ingawa haitamlevya. Unamzoesha ladha, chupa na ishara ya kwamba mkubwa ni yule anayeshika bia. Mpe cha kwake: juisi ya tofaa na maji ya gesi, wenyewe wanaita Apfelschorle, au maji ya ukwaju, au maji ya ndimu yenye tangawizi. Weka kwenye glasi nzuri, tia kipande cha limau. Mjamzito apewe hiyohiyo. Maji ya ukwaju yanakwenda na pilau kwa sababu ileile, uchachu na utamu. Ladha haijawahi kuwa mali ya kilevi.

Sasa mtaniambia: "Nesi, unahamasisha pombe." Nimewaza hilo kabla sijaandika. Lakini kreti ziko jikoni tayari, hazikungoja ruhusa yangu. Nikinyamaza, anayebaki kumfundisha mama mchanga ni jirani, ni tangazo, ni yule anayesema inaleta maziwa. Bora mlisikie kwangu pamoja na gramu zake.

Mwingine ataniambia kinyume: "Dada, umetuharibia starehe. Chupa moja watu wawili?" Kaka yangu, nimekupa pilau, samaki wa kupaka, mishkaki na ndizi za kukaanga. Kama jioni hiyo bado haijanoga mpaka chupa ya tatu, basi shida haiko kwenye pilau, na hapo naomba uongee na mtu. Ujerumani wapo washauri wa mambo ya ulevi, ni bure na siri yako inatunzwa. Nyumbani anzia kituo cha afya. Mke wako pengine ameshaona kabla yako, muulize.

Kwa hiyo wageni wakija Jumapili, kabla ya kuweka bia kwenye friji hesabu viti. Nani ana mimba, nani ananyonyesha, nani ana dawa, nani anaendesha, nani ni mtoto. Andaa vinywaji vyao kwanza. Ukimaliza, ndipo uhesabu chupa za waliobaki, na ukigawa nusu kwa nusu utashangaa ni chache.

Kama una swali la kwako la mimba au kunyonyesha, usiliandike hadharani, nitumie faragha. Na kama una kinywaji cha nyumbani kisicho na kilevi kinachokaa vizuri na pilau, hicho kiandike hapa chini wote tukione. Posti ijayo: mtoto anayekataa chupa mama anaporudi kazini. Mlale salama.